Anayejua Ndiye Atangulie: Kahuzi-Biega na Malezi ya Vijana wa Kavumu

Historia rasmi ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega huanzia tarehe 30 Novemba 1970, siku ambayo msitu uliotengwa na serikali ya kikoloni tangu 1937 ulitangazwa kuwa mbuga ya taifa, ukiwa na hekta 60,000. Tarehe 22 Julai 1975 mipaka ilisogezwa magharibi hadi kwenye msitu wa nyanda za chini, eneo likafika hekta 600,000. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika katika Urithi wa Dunia, na mwaka 1997 ikaiandika pia katika orodha ya urithi ulio hatarini, ambako ingali hadi leo. Volkano mbili zilizozimika, Kahuzi yenye mita 3,308 na Biega yenye mita 2,790, ndizo zilizoipa jina. Gorila wa Grauer, mkubwa kuliko gorila wote, ndiye aliyeipa sifa. Yote hayo yanastahili kukumbukwa. Lakini taasisi iliyozidi nusu karne haikumbukwi kwa mipaka na wanyama peke yao. Imelea watu pia, au imeshindwa kuwalea, na kwa mji kama Kavumu, ambao jua lake huchwea nyuma ya msitu huo kila siku, hili ndilo swali lenye uzito zaidi: mbuga hii imemfundisha nini kijana anayekua kando yake?

Hoja yangu ni kwamba katika miaka yake ya mwanzo Kahuzi-Biega ilikuwa shule ya uongozi ya aina isiyopatikana kwa urahisi popote, kwa sababu kazi yake ya kila siku iliendeshwa kwa kanuni moja: anayejua ndiye anayetangulia, hata kama kwa cheo yeye ni wa mwisho. Taasisi ilipoiheshimu kanuni hiyo ilifanya mambo ambayo ulimwengu ulikuja kuyaiga. Ilipoivunja ilijijeruhi, na jeraha hilo halijapona. Siku hizi yanasikika mengi kuhusu kuwatoa wanafunzi wa sekondari madarasani, kuwapandisha milima, kuwalaza mahemani na kuwafundisha ujasiri na uongozi. Nakubaliana na wazo hilo kwa moyo wote. Ila kwa vijana wa Kavumu mpango wa namna hiyo utazaa matunda kwa kadiri utakavyoirudisha kanuni hiyo ya zamani, si kwa idadi ya vilele watakavyovipanda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hapakuwa na kitabu cha kumwelekeza mtu namna ya kumkaribia gorila wa Grauer bila kumtorosha wala kumchokoza. Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyehangaikia kuundwa kwa mbuga hii na kuiongoza katika miaka yake ya kwanza, alikuwa na kibali cha serikali na nia isiyotetereka. Njia walikuwa nayo Watwa, watu waliozaliwa ndani ya msitu huo, waliokuwa wakiwinda na kuchuma humo kwa vizazi na vizazi. Mmoja wa waliotembea naye alijulikana kwa jina la Pilipili. Waliyafuata makundi mawili siku baada ya siku, moja likiongozwa na dume aliyeitwa Casimir, jingine na Mushamuka, mpaka gorila wakaanza kuvumilia macho ya binadamu. Kabla muongo huo haujafika nusu, wageni walikuwa wakipandishwa kutoka kituo cha mbuga cha Tshivanga kwenda kuwatazama, na Kahuzi-Biega ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa duniani ambako mtu wa kawaida aliweza kumtazama gorila wa porini na kurudi nyumbani salama. Rwanda, ambayo leo inajulikana zaidi kwa utalii huo, iliupanga wa kwake mwishoni mwa muongo uleule. Mwaka 1978 alifika Juichi Yamagiwa, mtafiti kijana kutoka Kyoto, ambaye baadaye aliongoza chuo kikuu cha mji huo. Naye pia alianza kwa kutembea nyuma ya wafuata nyayo wa hapa.

Kazi ya mfuata nyayo, ambaye hapa kwetu huitwa mpisteri, inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana somo lenyewe limo ndani yake. Gorila hujenga kiota kipya kila jioni kwa kukunja matawi, majani na mianzi, na asubuhi hukiacha asirudi tena. Kwa hiyo mpisteri haendi kumtafuta gorila mahali popote. Huanzia pale alipomwacha jana. Hutazama mmea uliolazwa umeelekea wapi. Hutazama ganda la chipukizi la mwanzi lililomenywa, kama bado lina unyevu au limeanza kunyauka na kubadilika rangi. Akivifikia viota huvihesabu kimoja kimoja bila haraka. Kinyesi kilichomo humwambia umri, kwa kuwa cha dume mzima ni kinene kuliko cha jike, na cha jike ni kinene kuliko cha mtoto. Unywele mweupe uliobaki kwenye majani humwambia kwamba hapo alilala dume mwenye mgongo wa fedha. Mtoto anayenyonya hulala na mama yake, kwa hiyo kiota kimoja chenye vinyesi vya ukubwa wa aina mbili ni watu wawili, si mmoja, kama wapisteri wenyewe wanavyopenda kuwaita gorila watu. Sensa za ukanda wa juu wa mbuga zimetegemea hesabu hii kwa miaka mingi. Takwimu zinazosomwa leo Geneva na Kinshasa zilianzia kwenye vidole vya mtu aliyechuchumaa juu ya majani yenye umande.

Tena mpisteri akishalifikia kundi hafichi kuwapo kwake. Hutoa sauti ya kooni, nzito na ya chini, ile ambayo gorila wenyewe huambiana nayo kwamba hakuna baya, kisha husubiri. Akitupiwa jicho kali huinamisha kichwa na kuchuma jani. Dume akija mbio kwa kishindo, yeye hasogei wala hakimbii, na wanaomfuata wote, awe profesa, waziri au mfadhili, hufanya kama anavyofanya yeye. Hapo cheo hakina kazi. Kwa dakika chache jamii nzima ya wanadamu inapangwa upya kwa kigezo cha ujuzi, na ambaye hakubali mpangilio huo anahatarisha maisha ya wenzake. Sijui zoezi lolote la darasani linaloweza kumfundisha mtoto wa miaka 16 jambo hili kwa ufasaha huo: kwamba kuongoza ni kuaminiwa na walio nyuma yako, na kwamba kufuata vizuri nako ni nusu ya uongozi.

Sasa njoo kwenye jeraha. Katika miaka ileile ya 1970, mbuga iliyokuwa ikitegemea macho ya Watwa ilikuwa ikiwaondoa Watwa msituni. Maelfu walitolewa bila fidia na bila ardhi mbadala, wakabaki pembezoni mwa vijiji vya Kabare na Kalehe wakilima mashamba ya watu kwa kibarua. Wachache waliajiriwa kama wapisteri na walinzi. Wengi walikatazwa hata kuingia kuokota kuni. Taasisi iliuchukua ujuzi ikawaacha wenye ujuzi. Yapo maelezo ya wakati ule, na sipendi kuyapuuza: fikra iliyotawala uhifadhi duniani kote ilikuwa kwamba pori la kweli ni lile lisilo na mtu, na waliotia sahihi waliamini wanauokoa msitu kwa faida ya wote. Lakini matokeo hayabadilishwi na nia. Kijana wa kabila la Washi aliyekulia Kavumu katika miaka ya 1980 aliona kwa macho yake kwamba mtu anayejua msitu kuliko wote ndiye anayedharauliwa kuliko wote. Hilo nalo ni fundisho la uongozi, na ni baya. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilikuja kuamua, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilivunja haki za Watwa wa Kahuzi-Biega. Miaka miwili kabla ya tangazo hilo, Julai 2022, nchi yenyewe ilikuwa imepitisha sheria ya kulinda haki za watu wa asili. Karatasi hizo mbili ni ushindi mkubwa, ingawa tumbo la mtoto wa Kitwa aliyeko Miti halijui bado kama zimeandikwa.

Inafaa hapa kutazama mbali kidogo, kwa sababu programu nyingi za matembezi na uongozi kwa vijana zina mzizi mmoja ambao husahauliwa. Mwaka 1941, vita ikiwa imepamba moto, Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekimbilia Uingereza, alianzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, akishirikiana na Lawrence Holt, mmoja wa wakuu wa kampuni ya meli. Sababu yao ilikuwa jambo la kuhuzunisha: meli zilipozamishwa, mabaharia vijana wenye miili yenye nguvu walikuwa wakifa ndani ya mashua za kujiokolea, hali wazee wa bahari waliokuwa nao wakinusurika. Wazee walikuwa na subira, walijua kugawa maji, walijua kungoja. Kwa hiyo shule ile haikuanzishwa ili kijana ashinde bahari. Ilianzishwa ili apate kwa muda mfupi kile ambacho mzee alikipata kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1950 wazo hilo lilifika Afrika Mashariki, ikafunguliwa shule ya Outward Bound Loitokitok, upande wa Kenya chini ya Kilimanjaro, na vijana wa rangi na makabila mbalimbali wakaanza kupandishwa mlima pamoja, wakati ambapo sheria na desturi za koloni ziliwatenga mashuleni na mahospitalini. Hilo lilikuwa tendo kubwa kwa siku zile. Hata hivyo kadiri wazo lilivyosafiri ulimwenguni, kilele kilianza kumfunika mzee. Picha ya kijana amesimama juu ya jabali, mikono hewani, ikawa ndiyo nembo, na yule aliyemwonyesha njia akakatwa nje ya fremu. Nikitazama Kahuzi naona kosa hilohilo kwa sura nyingine, na naona pia namna ya kulirekebisha, kwa kuwa wazee wenyewe bado wapo.

Upande wa marekebisho, historia ya hapa ina ukurasa mzuri unaopaswa kusomwa kwa sauti. John Kahekwa aliingia kazini mbugani mwaka 1983 na kuwa miongoni mwa waongozaji wanaojulikana zaidi. Mwaka 1992 alianzisha Pole Pole Foundation, ambayo watu wengi huiita kwa kifupi POPOF, kwa hoja iliyotoka vijijini: tumbo tupu halina masikio. Mwaka uliofuata dume maarufu Maheshe, ambaye sura yake ilikuwa kwenye noti ya zaire 50,000, aliuawa na majangili, na hoja hiyo ikapata uthibitisho wa kusikitisha. POPOF haikwenda kwa majangili na pingu. Iliwapa patasi na magogo ya kuchonga vinyago, ikaanzisha vitalu vya miche ili mtu apate kuni bila kuvuka mpaka wa mbuga, ikajenga shule ambamo watoto wa majangili na watoto wa walinzi hukaa dawati moja. Mwaka 2021 ilifika hatua ya mwisho ya tuzo ya Earthshot. Ninachokithamini zaidi hapo ni mpangilio wa watu, kuliko tuzo: jangili wa zamani, mtu anayejua mitego kuliko polisi yeyote, alitambuliwa kuwa ana kitu cha kufundisha. Kanuni ya Pilipili ilirudi kwa mlango wa nyuma.

Ilirudi wakati mgumu kupita kiasi. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Kivu, na kambi za Inera na Kashusha zikasimama hapa hapa karibu na Kavumu, mlangoni pa msitu, zikihitaji kuni asubuhi na jioni. Mwaka 1996 ikaja vita ya kwanza, 1998 ya pili. Walinzi walinyang'anywa silaha, tembo wa ukanda wa juu wakamalizwa karibu wote, na mwaka 2000 bei ya madini ya koltani ilipopaa maelfu ya wachimbaji waliingia mpaka ndani ya nyanda za chini. Sensa ya 1996 ilikuwa imehesabu gorila takriban 245 katika ukanda wa juu. Ile ya 2000 ilipata kama 130. Kwamba walibaki hata hao 130, na kwamba idadi ilianza kupanda tena miaka iliyofuata, ni kazi ya watu waliokuwa wakiingia msituni bila mshahara wa uhakika na bila bunduki, wakihesabu viota. Kama Kavumu itaandika siku moja orodha ya mashujaa wake kwa ajili ya watoto wa shule, majina ya wapisteri na walinzi wa miaka ile yawe juu.

Kuna pingamizi moja ambalo msomaji wa hapa atakuwa amekwisha kulishika mkononi, nalo ni zito. Oktoba 2018, baada ya kungoja ardhi waliyoahidiwa bila kuipata, Watwa kadhaa walirudi kuishi msituni kwa nguvu. Zikafuata miaka ya mapambano na walinzi. Ripoti iliyotolewa Aprili 2022 na shirika la kutetea haki za jamii za wachache ilieleza mauaji na ubakaji dhidi ya Watwa, na taasisi ya uhifadhi ya nchi, ICCN, ikapinga sehemu ya madai hayo. Walinzi nao waliuawa. Wakati huohuo mamia ya hekta za msitu wa ukanda wa juu zilikatwa na kuchomwa kuwa makala, yaani makaa, na baadhi ya Watwa walishiriki, ama kwa kuchoma wenyewe ama kwa kuwafungulia wachomaji njia. Basi, ataniuliza msomaji, ni hao unaotaka wawatangulie watoto wetu? Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, makala ya Kahuzi haikupikia vyungu vya Watwa. Ilishuka kwa magunia hadi Kavumu na Bukavu, ikauzwa na wenye mitaji, ikaivisha maharage ya nyumba zetu sote. Anayetafuta mkosaji asiishie kwa yule aliyeshika shoka. Pili, sijasema kwamba ujuzi ni utakatifu. Mtu anaweza kuujua msitu kama kiganja cha mkono wake na akaukata akisukumwa na njaa na hasira ya miaka 40. Tena Watwa wenyewe wengi wa leo wamezaliwa nje ya msitu, baada ya 1975, na hawajui walichokijua babu zao. Hiyo ndiyo sababu ya kuharakisha. Ujuzi ninaouzungumzia umebaki kwa wapisteri wa mbuga na kwa wazee wachache, na kila mwaka unazikwa kidogo. Ukipotea, Mtwa kijana na Mshi kijana watakuwa wamefilisika kwa pamoja.

Pingamizi la pili ni la wazazi, na silijibu kwa wepesi. Tarehe 14 Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili baadaye wakawa wameiteka Bukavu. Na kabla ya hapo mji huu ulikuwa umebeba msiba usiosemeka: kuanzia 2013 watoto wa kike wadogo kabisa walikuwa wakiibwa usiku majumbani na kunajisiwa, mpaka Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliyokaa hapa Kavumu ilipowatia hatiani mbunge mmoja wa jimbo na wanamgambo wake, baada ya wazazi, madaktari na watetezi wa haki kukataa kunyamaza. Mzazi aliyepitia hayo akisema mtoto wake halali nje ya nyumba, hatakiwi kuelimishwa, anatakiwa kusikilizwa. Kwa hiyo nakiri bila kuzunguka kwamba kwa sasa hakuna prefe wa shule anayepaswa kupeleka darasa ndani ya msitu mkubwa, sembuse kulala huko. Ila pingamizi hili linaamua mahali na saa. Haliondoi haja. Lipo eneo la Lwiro, mwendo mfupi kutoka Kavumu, ambako tangu 1947 kuna kituo cha utafiti wa sayansi, na tangu 2002 kipo kituo cha kuwahudumia sokwe na nyani waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wafanyabiashara, kinachopokea wanafunzi na kuwafundisha. Vipo vitalu vya miche. Yapo mashamba ya zamani ya kwinini yenye ndege na wadudu wasiohesabika. Kusoma ardhi kunaweza kuanza nyuma ya choo cha shule. Na mpisteri stadi, ikumbukwe, hujulikana pia kwa siku anazogeuza msafara: akiona unyayo wa buti uliokanyagwa alfajiri mahali pasipo na doria, haendelei. Kijana aliyefundishwa kwamba kurudi nyuma kwa wakati ni ujasiri atakuwa salama zaidi katika Kivu hii kuliko yule aliyefundishwa kutokukata tamaa.

Wengine watasema matembezi ya milimani ni starehe ya watoto walioshiba, wa Nairobi au wa Ulaya. Binti wa Kavumu huamka gizani, huteka maji, hupanda kilima na kidumu cha lita 20 mgongoni, kisha ndipo aende shuleni. Ataongezewa mlima wa nini? Nakubali kabisa nusu ya neno hili. Shida hazifundishwi mahali ambapo zimejaa, na programu inayonunuliwa nzima nzima kutoka nje, pamoja na kamba zake na kofia zake za plastiki, itamfundisha binti huyo jambo analolijua kuliko mwalimu wake. Asichopewa ni dhamana. Anabeba, lakini haamui. Anatii mama, mwalimu, askari, na hakuna siku hata moja katika miaka yake sita ya sekondari ambayo watu kumi wanamfuata kwa sababu yeye ndiye aliyeona alama. Hiyo siku moja ndiyo programu inayohitajika. Na pawe na sufuria ya bugali na maharage mwanzoni mwa safari, si mwishoni, kwa sababu ile ile aliyoitaja Kahekwa mwaka 1992. Kuhusu mtihani wa serikali, ambao walimu huutaja kila jambo jipya linapopendekezwa, nitasema tu kwamba kuhesabu viota na kukadiria umri kwa upana wa kinyesi ni baiolojia na takwimu kwa pamoja, na mwanafunzi aliyeyafanya hayo kwa mikono hatayasahau siku ya mtihani.

Gharama yenyewe si ya kutisha. Tangu 2022 mbuga inaendeshwa kwa ubia kati ya ICCN na shirika la uhifadhi la WCS, na bajeti ya ubia huo hutaja jamii jirani kila mara. Mpisteri mstaafu alipwe kama mwalimu, kwa kiwango cha mwalimu, na jina lake liandikwe kwenye ratiba ya shule karibu na la mwalimu wa hesabu. Darasa ligawanywe vikundi vya watu wanane, Washi na Watwa pamoja, wavulana na wasichana pamoja. Kwa muhula mzima wasiende mbali zaidi ya pale wanapoweza kurudi kabla ya saa sita mchana. Kila safari mmoja wao awatangulie wenzake, hatua mbili nyuma ya mzee, na wengine wakae kimya wakimtazama. Amani ikirejea na njia ya Tshivanga ikiwa salama, wapande hadi kwenye mianzi, wafike kwenye viota vya jana, wafungue madaftari yao. Mzee ahesabu kwa vidole bila kusema, mwanafunzi aliyetangulia ahesabu kwa kalamu, ndipo walinganishe. Hesabu zisipooana, wote warudi kwenye kiota cha kwanza, wachuchumae, waanze upya.